Wafalme wa Ulaya Wakipimwa kutoka Endebess

Wafalme wa Ulaya hufa mara moja lakini huhukumiwa kila kizazi. Mwaka 1918 Mwingereza Lytton Strachey alichapisha kitabu kilichowavua heshima mashujaa wa enzi ya Malkia Victoria, na miaka mitatu baadaye akamgeukia malkia mwenyewe. Mwaka 1962 Mmarekani Barbara Tuchman alisimulia jinsi mambo yalivyowaponyoka wakubwa wa Ulaya katika Agosti ya 1914. Mwaka 1998 Adam Hochschild alimfungulia upya kesi Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na mwaka 2012 Christopher Clark akadai kwamba dola za Ulaya ziliingia katika vita vya 1914 kama watu wanaotembea usingizini. Baadhi ya waandishi hawa ni maprofesa na wengine ni waandishi wa magazeti, lakini vitabu vyao vinamlenga mtu asiye na mtihani wa kufanya, anayesoma kwa sababu kisa kimemnasa. Siku hizi kisa hicho hicho humfikia kwa podikasti na video, na msomaji wa Kitale au Bungoma anakipata kwenye simu siku ile ile anayokipata mwenzake wa London.

Swali la makala haya ni hili: kuhukumiwa upya kwa wafalme hao na vita vyao kunamfaa nini msomaji aliyekaa chini ya Mlima Elgon?

Endebess ni mji mdogo kaskazini-magharibi mwa Kitale, kwenye barabara ya kwenda Suam mpakani mwa Uganda. Ukielekea mlimani unapita mashamba makubwa ya mahindi na mifugo ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, hadi lango la Chorlim la mbuga ya wanyama. Ndani ya msitu kuna mapango, Kitum likiwa maarufu kuliko yote, ambamo ndovu huingia usiku kulamba chumvi ya mwambani. Hakuna mfalme wa Ulaya aliyeacha kasri hapa. Hata hivyo kuna ekari chache sana za nchi hii ambazo historia yake inaweza kuelezwa bila kumtaja mmoja wao, kwa kuwa hati ya kwanza ya shamba ilitolewa kwa jina lake. Hoja yangu ni kwamba historia ya kuwahukumu upya wafalme imefaa kila ilipofukua ushahidi na kuilazimisha taasisi ifungue madaftari yake. Ilipobadilisha tu shujaa akawa mwovu, imetuacha pale pale. Na kwa watu wa Trans Nzoia, tabia ya mfalme ndiyo jambo dogo kuliko yote.

Zawadi ambayo haikutolewa

Tuanze na kisa ambacho karibu kila mtu Afrika Mashariki amekisikia. Husemwa kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaiser Wilhelm wa Pili, Mlima Kilimanjaro kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa, kwa sababu bibi alikuwa na milima miwili ya theluji na mjukuu hana hata mmoja. Ndiyo maana, tunaambiwa, mpaka wa Kenya na Tanzania unanyooka kutoka pwani kisha unapinda kuuzunguka mlima.

Kisa ni kitamu, na ni uongo. Mpaka huo ulikubaliwa mwaka 1886, wakati Wilhelm alikuwa bado mwana wa mfalme asiye na kauli. Alikuja kuwa Kaiser mwaka 1888. Ulipinda kwa sababu Wajerumani walikuwa wameshapata mikataba upande ule, ukiwamo ule wa mwaka 1885 na Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Waingereza nao walikuwa wanaitaka Mombasa na bandari yake. Ulikuwa ugawaji wa kibiashara, uliofanywa na makarani na mabalozi wakiwa na ramani iliyojaa mapengo.

Mkataba wa Julai 1890 nao umepotoshwa vivyo hivyo. Wengi husema Ujerumani iliitoa Zanzibar ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland. Zanzibar haikuwa mali ya Ujerumani hata iweze kuitoa. Ilichofanya ni kuacha kuwapinga Waingereza Zanzibar, kuachia Witu, na kukubali kwamba Uganda iwe upande wa Uingereza. Kipengele hicho cha Uganda ndicho kilichouweka Mlima Elgon wote chini ya dola moja. Baadaye, mwaka 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa himaya jirani, ile iliyokuja kuitwa Kenya, na tangu hapo mlima umekatwa na mpaka. Jamaa walioishi pande zote mbili za mto Suam hawakuulizwa.

Hadithi ya zawadi inapendwa kwa sababu inamweka mtu mahali palipokuwa na utaratibu. Bibi na mjukuu wanaeleweka upesi kuliko kamati, kampuni na mikataba. Lakini ina gharama. Inatufanya tuamini kwamba nchi yetu ilipotea kwa mzaha wa ikulu, na mtu aliyenyang'anywa kwa mzaha hana pa kupeleka madai yake. Aliyenyang'anywa kwa mkataba anaweza kuudai mkataba wenyewe, akauliza nani alitia saini na kwa mamlaka gani.

Leopold, na kazi iliyofanywa sawasawa

Kitabu cha Hochschild kinaonyesha upande mwingine. Leopold wa Pili hakukanyaga Kongo hata siku moja, lakini kuanzia 1885 hadi 1908 aliimiliki kama mali yake binafsi, na mpira na pembe zilizotoka huko zilipatikana kwa kuteka wanawake, kukata mikono na kuchoma vijiji. Hayo hayakuwa siri. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, aliandika ripoti mwaka 1904, na E. D. Morel aliendesha kampeni kwa miaka. Kisha Ubelgiji ikasahau, kwa makusudi. Viwanja vyake vya miji vilijaa sanamu za mfalme mjenzi. Jules Marchal, mwanadiplomasia wa Kibelgiji, alipoanza miaka ya 1970 kuchimba nyaraka za nchi yake mwenyewe, alizungushwa na ofisi zilizopaswa kumsaidia.

Hochschild hakugundua nyaraka mpya nyingi. Alichofanya ni kuzipanga zile za Marchal na wengine zikawa kisa ambacho mtu wa kawaida hawezi kukiweka chini. Matokeo yalichukua muda. Mwaka 2020 sanamu ya Leopold iliondolewa Antwerp, na tarehe 30 Juni mwaka huo Mfalme Philippe alimwandikia Rais Tshisekedi wa Kongo akieleza masikitiko yake. Mwaka 2022 akayarudia Kinshasa. Hakuomba radhi rasmi, wala hakuna fidia. Lakini Mbelgiji wa leo hawezi tena kusema hakujua.

Kitabu hicho kina udhaifu wake, nao unatufundisha. Idadi ya watu milioni 10 ambayo husomeka kila mahali ni makadirio ya kupungua kwa wakazi kwa vita, njaa, maradhi na kupungua kwa uzazi, katika nchi ambayo haikuwa imehesabiwa watu. Wanahistoria bado wanabishana juu yake. Pia mashujaa wa kisa ni Wazungu na Wamarekani wachache wenye dhamiri, na Mkongo anaonekana zaidi akiteswa kuliko akipanga au akipigana. Hochschild mwenyewe ameukiri ugumu huo: nyaraka alizozikuta ziliandikwa na Wazungu. Hapo ndipo mwandishi wa Bungoma anapopaswa kusimama na kutafakari. Ikiwa ushahidi wote utatoka kabati la mtawala, hata mashtaka dhidi ya mtawala yatasimuliwa kwa sauti yake.

Vita vya ndugu, mizigo ya wengine

Vita vya 1914 hadi 1918 vimependwa na waandishi hawa kuliko vita vingine. Miranda Carter, mwaka 2009, aliwaandika George wa Tano wa Uingereza, Wilhelm wa Ujerumani na Nicholas wa Urusi kama ndugu wa ukoo mmoja walioiangusha dunia yao. Kaiser amepimwa kila namna: mwehu, mchokozi, mtoto aliyezaliwa na mkono wenye hitilafu akatafuta vita vya kujithibitisha, au mtu dhaifu aliyeburuzwa na majenerali wake.

Mashariki mwa Afrika kisa kimekuwa cha shujaa mmoja, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewasumbua Waingereza tangu Tanga, Novemba 1914, hadi alipojisalimisha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Kwa miongo mingi alisifiwa, hata na maadui zake, kama jenerali muungwana asiyeshindwa. Edward Paice, katika kitabu chake cha mwaka 2007, aliugeuza mwanga: gharama ya ushujaa huo ilikuwa njaa, vijiji vilivyoporwa, na wapagazi. Wajerumani wenyewe wakaanza kukumbuka kwamba jenerali wao alikuwa kwenye vita dhidi ya Waherero na kwamba mwaka 1920 alijiunga na jaribio la kuipindua jamhuri. Kambi za kijeshi zilizobeba jina lake zimebadilishwa majina.

Wapagazi ndio kiini. Uingereza iliajiri, kwa hiari na zaidi kwa nguvu, watu wanaokaribia milioni moja katika vita hivyo vya Afrika Mashariki. Mwaka 1917, chini ya John Ainsworth, msako mkubwa ulikusanya wanaume zaidi ya 100,000 ndani ya miezi michache, Nyanza na magharibi zikitoa wengi. Waliokufa upande wa Waingereza walihesabiwa kuwa zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na lishe mbovu. Risasi iliua wachache. Geoffrey Hodges aliwaandikia kitabu mwaka 1986. Mtaa wa Kariokor wa Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni kumbukumbu yao, na mnara wa askari wa Nairobi una sanamu ya mpagazi, lakini majina yao hayamo.

Mwaka 2019 mbunge wa Uingereza David Lammy alitengeneza filamu ya televisheni kuhusu makaburi hayo yasiyo na majina, akitumia utafiti wa Michèle Barrett. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikaunda kamati. Ripoti yake ya Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulichangia. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Filamu moja, iliyotegemea utafiti uliokwisha kufanywa, iliisukuma taasisi yenye umri wa karne moja iseme ukweli. Vitabu kumi vya kuuliza kama Kaiser alikuwa na akili timamu haviwezi kufanya hivyo.

George wa Tano, mwenye ardhi

Sasa turudi mlimani. Mfalme wa Endebess, kama tukimtafuta mmoja, ni George wa Tano, aliyetawala kuanzia 1910 hadi 1936. Waandishi wa Kiingereza walimchoka mapema: mtu wa ratiba, mpiga ndege kwa bunduki, mkusanyaji wa stempu. Mwaka 2021 Jane Ridley alimwandikia wasifu mnene akimtetea kwamba alikuwa mwerevu kuliko alivyodhaniwa na kwamba aliiokoa familia yake katika miaka ambayo falme nyingine zilianguka. Hiyo ni tathmini halali ya mtu na nchi yake.

Lakini hebu tuitazame enzi hiyo hiyo kutoka Trans Nzoia. Mwaka 1915 sheria ya ardhi za mfalme iliruhusu walowezi wapewe mashamba kwa kukodi kwa miaka 999. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa mashamba wanajeshi wa Kizungu waliotoka vitani. Majina yalichotwa kwa bahati nasibu ukumbini Theatre Royal, Nairobi, na mashamba zaidi ya elfu moja yakagawiwa, mengine katika nchi hii baina ya Elgon na Cherangani. Askari wa keya na wapagazi hawakuingizwa kwenye bahati nasibu hiyo. Mwaka 1920 himaya ikatangazwa kuwa koloni, na mwaka 1921 mahakama ikatafsiri sheria hizo kwa pamoja kwamba Mwafrika, hata ndani ya maeneo yaliyotengwa kwa ajili yake, alikuwa mpangaji wa mfalme, wa kuondolewa wakati wowote. Mwaka 1926 reli ikafika Kitale, na mahindi ya walowezi yakapata njia ya kwenda bandarini.

Hivyo ndivyo vita vya ndugu wa Ulaya vilivyofika Endebess. Waliobeba mizigo walirudi, waliporudi, wakakuta aliyebebewa amepewa malisho. Waelkony, ambao Waingereza waliwaandika kuwa Wamasai wa Elgon na ambao leo wako katika jamii ya Wasabaoti, walisukumwa kuelekea milimani. Wabukusu waliokuja kutafuta kazi walikuwa maskwota, waliolima kipande cha shamba kwa idhini ya setla na kulipa kwa siku za kazi. Tume ya Ardhi ya miaka ya 1932 hadi 1934, iliyoongozwa na Jaji Morris Carter, ilisikiliza madai ya jamii mbalimbali, ya Waelkony yakiwamo, na kumbukumbu za ushahidi zikachapishwa. Mashamba ya walowezi yalibaki ya walowezi.

Vita vya pili vilirudia somo. Sheria ya mwaka 1942 iliwahakikishia wakulima wa Kizungu bei ya mahindi, na Waafrika wakalazimishwa kufanya kazi mashambani kwa jina la juhudi za vita. Vijana wengine walikwenda Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilizamishwa katika Bahari ya Hindi na kuua watu 1,297, wakiwamo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Vita vilipokwisha, mfalme akiwa George wa Sita, mpango mwingine wa mashamba ukaandaliwa kwa wanajeshi wa Kizungu. Waafrika wakapewa medali.

Mtetezi wa wafalme atasema kwamba mfalme wa kikatiba hutia saini alicholetewa, na kwamba George wa Tano huenda hakujua Trans Nzoia iko wapi. Nakubali, na ndiyo hoja yenyewe. Wasifu hupima moyo wa mtu: alipenda, alichukia, aliogopa. Mamlaka yaliyochukua ardhi hii hayakuhitaji moyo wa mtu. Yalihitaji jina la kuandikwa juu ya hati, muhuri, na afisa wa kupima mipaka. Mfalme angekuwa mwema kuliko wote, na hati ya miaka 999 ingekuwa vilevile. Kwa hiyo hata kitabu bora cha kumtetea au kumshtaki George hakitaifikia Endebess, kwa sababu kinamtafuta mtu mahali ambapo ofisi yake ndiyo iliyotenda.

Kuna wanaosema mizani iwe na pande mbili. Niall Ferguson, aliyeishi Nairobi kwa muda alipokuwa mtoto, aliandika mwaka 2003 kwamba dola ya Kiingereza iliijengea dunia masoko, sheria na reli. Hoja hiyo haifai kutupwa bila kusikilizwa. Reli ilifika, na Kitale ndiko mbegu ya mahindi chotara ya Kenya ilikozalishwa, H611 ikitolewa mwaka 1964. Swali linalobaki ni nani alilipia na nani alipata. Reli ilichora njia yake kufuata mashamba ya walowezi, na kodi ya Mwafrika ilikuwa sehemu ya malipo yake. Faida isiyotajwa mlipaji ni hesabu ya upande mmoja.

Mifupa ya Richard, kichwa cha Koitalel

Hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi nguvu na upofu wa historia hii ya wasomaji kuliko viongozi wawili waliouawa.

Richard wa Tatu wa Uingereza aliuawa vitani mwaka 1485 akaachiwa sifa ya muuaji wa watoto. Mwaka 1951 Josephine Tey, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alimfanya mpelelezi aliyelazwa hospitalini achunguze kesi hiyo na kumwona hana hatia. Riwaya hiyo iliwavuta watu wengi wasio wasomi wa historia upande wa mfalme. Mwaka 2012, kwa juhudi za mmoja wa wapenzi hao, Philippa Langley, mifupa yake ilifukuliwa chini ya eneo la kuegesha magari mjini Leicester, ikathibitishwa kwa vinasaba, na mwaka 2015 akazikwa kwa heshima katika kanisa kuu.

Koitalel arap Samoei, Orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wa Wanandi, aliongoza upinzani kwa miaka kumi. Tarehe 19 Oktoba 1905 alikwenda kukutana na Kapteni Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani, akapigwa risasi. Meinertzhagen alidai alijikinga. Mabaraza ya uchunguzi yalimwondolea hatia, kisha akaondolewa Kenya. Mwaka 1957 alichapisha shajara zake za Kenya, na kwa miaka mingi waandishi walizinukuu kama ushahidi wa shahidi jasiri. Jina lake limo mpaka katika msitu ulio juu ya Endebess: nguruwe mkubwa wa msituni anayepatikana Elgon huitwa na wanasayansi kwa jina la kapteni huyo.

Waliomwangusha ni ndege. Katika miaka ya 1990 wataalamu kama Alan Knox na Pamela Rasmussen walionyesha kwamba Meinertzhagen aliiba vielelezo vya ndege kutoka makumbusho na kubadilisha maandishi ya mahali walipopatikana. Mwaka 2007 Brian Garfield, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu ya Charles Bronson, *Death Wish*, alimwandikia kitabu kizima akidai kwamba sehemu kubwa ya maisha yake ya kishujaa ilikuwa ya kubuni na kwamba shajara zilichapwa upya baada ya matukio.

Wanandi walikuwa wakisema tangu 1905 kwamba kiongozi wao aliuawa kwa hila. Ushahidi wao haukutosha kumfanya mtu achunguze. Ushahidi wa ndege waliokaushwa ukatosha. Mwaka 2006 familia ya Meinertzhagen ilirudisha fimbo za Koitalel. Kichwa chake, ambacho kwa mujibu wa masimulizi ya Wanandi kilipelekwa Uingereza, bado kinadaiwa. Mfalme Charles wa Tatu alipokuja Nairobi Oktoba 2023 alikiri kwamba vitendo vya ukatili visivyo na udhuru vilitendwa dhidi ya Wakenya, akasikitika, hakuomba radhi. Tofauti ya Richard na Koitalel ni kwamba mmoja ana wasomaji wengi wanaomiliki vyombo vya uchapishaji, makumbusho na maabara.

Chetambe, na hatari ya historia ya nyumbani

Isidhaniwe kwamba tulikaa tukingoja vitabu. Mwaka 1895 C. W. Hobley aliongoza majeshi dhidi ya Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe, karibu na Webuye ya leo, na bunduki za kisasa zikafanya mauaji. Hobley aliandika kumbukumbu zake, zilizotolewa mwaka 1929, kwa utulivu wa afisa aliyemaliza kazi. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwakumbuka waliokufa. Ulikuwa uchambuzi wa vita vya Malkia Victoria, uliofanywa na watu waliozungumza na watoto wa waliouawa, wakihoji pia mashamba ya Trans Nzoia yalivyopatikana. Serikali iliuelewa vizuri: Februari 1948 polisi waliwapiga risasi waumini Malakisi, na Masinde akapelekwa kifungoni Lamu.

Uandishi nao upo. Gideon Were alichapisha historia ya Abaluhya mwaka 1967, na F. E. Makila akaandika ya Wabukusu mwaka 1978. Kwa Kiswahili, Shaaban Robert alitunga utenzi mrefu wa vita vya 1939 hadi 1945, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba lugha hii haijui kuhukumu vita vya Ulaya. Kinachokosekana ni mwendelezo.

Hata hivyo tusijipe sifa tusizostahili. Historia yetu ya nyumbani ina wafalme wake wa kusafishwa. Waganda walipigana upande wa Hobley pale Chetambe, na Nabongo Mumia wa Wanga alipata faida kwa urafiki na Waingereza. Masinde mwenyewe alifungwa tena chini ya serikali huru. Wanaomwita shujaa wa taifa huwa wanakiruka kifungo hicho. Na ardhi ya mfalme haikurudi kwa aliyeipoteza. ADC iliundwa mwaka 1965, ikachukua mashamba makubwa, na ugawaji uliofuata katika nchi hii umewanufaisha wenye vyeo mara nyingi kuliko wasio na ardhi.

Zaidi ya hayo, hapa historia inaua. Mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992 yalipofika Trans Nzoia, Endebess ikiwamo, hoja iliyokuwa midomoni mwa watu ilikuwa ya kihistoria: nani alifika kwanza. Kundi la wapiganaji la Sabaot Land Defence Force (SLDF) lililoutikisa Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008 lilizaliwa na mgogoro wa mashamba ya Chepyuk, wenye mizizi katika kuhamishwa kwa watu tangu ukoloni. Kila upande una simulizi linaloanzia mwaka unaoufaa. Mwandishi wa London akikosea kuhusu Kaiser, anapata barua kali gazetini. Anayekosea hapa kuhusu nani alikuwa wapi mwaka 1912 anaweza kuchoma nyumba ya jirani yake.

Kitabu kinachohitajika

Kutokana na haya, kitabu kinachohitajika Kitale na Bungoma kinaweza kuelezwa bila mafumbo. Kifuate ardhi badala ya mfalme: shamba moja, kutoka malisho, kwenda hati ya 1919, kwenda setla wa vita vya pili, kwenda ADC, hadi mwenye cheti leo. Kiwaweke pamoja Waelkony, Waogiek wa Chepkitale, Wabukusu na maskwota wa kila kabila, kwa kuwa wote waliguswa na karatasi moja. Kitumie kumbukumbu za ushahidi wa Tume ya Carter na hifadhi ya nyaraka ya Kakamega. Kitumie pia makumbusho ya Kitale, yaliyoanzishwa mwaka 1926 na Luteni Kanali Hugh Stoneham na kuachiwa taifa baada ya kifo chake mwaka 1966, ambayo yenyewe ni zao la enzi hiyo. Tarehe zilinganishwe na majina ya marika ya tohara, yanayozunguka kwa zamu kwa Wabukusu na kwa Wasabaoti, maana mzee anaweza asijue mwaka lakini akajua rika lipi lilikuwa jandoni wakati wa kuhamishwa.

Mfano wa manufaa yake upo. Caroline Elkins na David Anderson walichapisha vitabu vyao kuhusu Mau Mau mwaka 2005. Miaka sita baadaye, katikati ya kesi iliyofunguliwa na wazee wa Kenya, Uingereza ilikiri kuficha maelfu ya mafaili ya makoloni yake, na mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Karibu zaidi, mwaka 2022 mahakama ya mazingira na ardhi ya Bungoma iliitambua haki ya Waogiek juu ya ardhi yao ya Chepkitale. Mahakama hazisomi sifa za wafalme. Zinasoma ramani, tarehe, na ushahidi wa watu walioandikwa wakiwa hai.

Kiandikwe kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo Msabaoti na Mbukusu wa Endebess wanaweza kuisoma pamoja na kusahihishana. Kikiwa na makosa, majirani wote wawili wataweza kuyaonyesha kabla hayajageuka kuwa uchochezi. Na mfalme atajwe humo kwa kadiri ya kazi aliyoifanya katika nchi hii: mstari mmoja juu ya hati, pamoja na tarehe.